Zizi Lisilohesabiwa

Mpaka leo, nikijilaza mchana wenye joto na usingizi ukaanza kuninyemelea, huwa naliona duara moja la chaki juu ya ubao. Ndani yake hamna kitu. Pembeni nasikia pumzi za watoto arobaini na ushee, na nje ya dirisha pamba imepasuka, nyeupe mpaka macho yanauma. Nimeona mengi maishani, na sijui kwa nini ni duara lile linalonirudia. Labda ni kwa sababu nililichora nikiwa na aibu.

Mimi ni mtoto wa Mukendo, mjini Musoma. Mama yangu aliuza samaki waliotoka Murangi, na utotoni mchezo wetu ulikuwa mmoja. Anafunika furu, samaki wadogo wa ziwani, kwa ungo, anagonga ungo kwa kidole, ananiuliza wako wangapi. Nikikosea ananipa kidokezo: "Ukiniongezea watatu, watakuwa kumi." Mimi naruka juu, saba! Anafunua ungo, na kweli wamo saba, wanang'aa, wengine bado wanafungua vinywa. Nilipofika chuo cha ualimu nikakutana na herufi x, niliiona kama mtu wa nyumbani. Wenzangu walikuwa wanaiogopa. Mimi nilijua ni ungo tu, na chini yake kuna samaki.

Kwa hiyo nilipopangiwa shule ya kijiji cha ujamaa kati ya Bunda na Butiama, nilikwenda na kiburi changu kizima. Nyumba za kijiji zilikuwa zimejipanga mstari, mpya, na wenyewe walikuwa bado wanaingia ndani yake kwa hodi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mazizi ya miiba. Jioni ng'ombe wakirudi, vumbi lilipanda likageuka rangi ya asali, na kijiji chote kikaelea ndani yake, watu, miti, bendera ya shule. Nilikuwa nasimama mlangoni kwangu nikitazama mpaka nasahau ugali jikoni.

Darasani hali ilikuwa nyingine. Nikiandika x jumlisha tano ni sawa na kumi na mbili, darasa la saba zima lilikuwa linautazama ubao kwa heshima, kama watu waliokuja msibani wasiomjua marehemu. Niliimba, nilicheza, nilipiga meza. Hasira zangu zilikuwa karibu siku zile, na mara mbili nilivunja chaki kwa makusudi.

Aliyeelewa alikuwa mmoja, binti wa dawati la mbele karibu na mlango, mrefu, asiyesema mpaka aulizwe. Huyo nilikuwa nimeshampangia maisha. Shuleni pale hakuna msichana aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari. Nilitaka awe wa kwanza, na sifichi, nilitaka pia niwe mwalimu aliyempeleka.

Chuoni tulifundishwa kwamba hesabu ianzie nyumbani kwa mtoto. Nikawaza, nyumbani kwa hawa kuna nini kama si ng'ombe? Nikawaagiza: kesho kila mmoja aje na idadi ya ng'ombe wa kwao. Nililala nikiwa na furaha, nimeshatunga maswali ishirini kichwani.

Asubuhi nikaanza kuuliza. Wa kwanza akasema, "Hatunaga, mwalimu." Wa pili, "Hatunaga." Wa tatu akasema wapo. Wapo wangapi? "Wapo tu." Wa nne akasema wengi, akakaa chini haraka. Kijiji ambacho jioni hakipitiki kwa ng'ombe, kimekuwa kijiji cha watu wasio na hata ndama! Nikapandwa na hasira, nikawaambia wao ni waongo, tena waongo wavivu. Ndipo binti yule akasimama, pengine kwa kunionea huruma.

"Ishirini na sita, mwalimu."

Mvulana mmoja akalaza paji la uso juu ya dawati, na msichana wa nyuma akaziba masikio. Mimi, kwa raha zangu, nikageuka nikaandika ishirini na sita ubaoni, kubwa, nikaizungushia mstari. Nikaomba wampigie makofi. Walipiga wawili.

Wiki ya pili yake ndigana, homa ya kupe, ikaingia kwenye zizi la baba yake. Akafa ng'ombe wa maziwa, wakafuata ndama wawili. Binti hakuja shule siku hiyo, wala iliyofuata, wala wiki nzima. Nikamuuliza mwalimu mkuu, mtu wa huko huko Butiama.

"Mwalimu, huku ng'ombe hazihesabiwagi," alisema. "Wala watoto. Ukizihesabu umezianika, kila baya linaziona. Sasa wewe umemtuma mtoto akahesabu, halafu ukaandika ubaoni. Si ungeniuliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Mwalimu mkuu alikuwa tayari kumwendea mwenyekiti wa kijiji ili mgambo watumwe wamtoe binti nyumbani, kwa kuwa sheria ilikuwa upande wetu. Nikamsihi aniachie siku moja. Niliona kabisa kwamba akiletwa na mgambo, atakaa darasani mwili peke yake.

Nilikwenda saa kumi na moja jioni, nikipita katikati ya pamba ya watu. Njia ile naikumbuka kama kitu nilichoota. Pamba ilinigusa mikono huku na huku, laini, na nilikuwa napanga maneno ya Kiswahili kizuri ambayo yote yalinitoka nilipofika. Baba yake alikuwa anaziba zizi kwa matawi ya miiba. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba mimi ni wa mjini, sikujua.

"Wewe hukujua," akasema, bila hasira. "Huyu alijua." Akaelekeza kidevu nyumbani, ambako binti alikuwa anasaga mtama, hatutazami. "Alisimama hapa jioni na mimi, anasalimia ng'ombe zangu, kumbe kidole kinatembea chini ya kanga. Alinificha mimi ili akupendeze wewe. Sasa akae nyumbani kwanza, anikumbuke na mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na imani ya ng'ombe, nikakuta baba aliyeumizwa na mwanawe, na mwenye kosa ni mimi. Nikakaa kigodani machozi yakinilenga.

Ng'ombe wakaanza kuingia. Yule baba akaacha miiba, akasimama mlangoni mwa zizi na mikono nyuma. Midomo yake haikucheza. Walipita mweusi mwenye doa usoni, mwenye mabaka, mwenye pembe iliyopinda, na vumbi likatufunika sote tukawa rangi moja. Wa mwisho alipoingia, baba hakufunga.

"Bado mmoja," akasema.

Binti akaondoka kwenye jiwe la kusagia, akazunguka nyuma ya kichaka, akarudi anaswaga mtamba wa kahawia. Mlango ukafungwa.

"Baba, umejuaje na hujahesabu?"

"Mlango unaniambiaga. Nikisimama hapa, asiyeingia namwona kuliko walioingia."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nikauliza, "Na waliokufa?"

"Naona pengo tatu."

"Wakizaliwa wawili?"

"Linabaki moja," akasema papo hapo, kama mtu anayeulizwa jina lake.

Nikakaa pale nimeshika kigoda kwa mikono miwili. Mtu huyu alikuwa amenifanyia hesabu ya herufi mbele ya macho yangu, ametoa tatu, amejumlisha mbili, amebakiza upungufu wa moja, na zizi lake halijafunguliwa. Idadi haikutajwa na haikuhitajika. Nikamwambia hivyo, kwa maneno yaliyogongana. Nikamwambia, hesabu ninayofundisha ndiyo hiyo yako. Kuna kitu unakiacha kimefungwa, na bado unajua kimezidi au kimepungua.

Akafikiri. "Sasa kama ndiyo hiyo, idadi uliniulizia ya nini?"

"Kwa sababu nilikuwa siijui vizuri," nikajibu, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kutoa tangu nipate cheti.

Akasema atakuja aone.

Alikuja kesho yake asubuhi, amevaa koti, akakaa dawati la nyuma magoti yakiwa yamefika kifuani. Watoto walikuwa wanageuka kumtazama. Nikafuta ubao mzima, nikachora duara.

"Hili ni zizi," nikasema. "Ni la nani, hatusemi. Wamo wangapi, hatuulizi. Halifunguliwi."

Nilisikia darasa linashusha pumzi. Ndiyo zile pumzi ninazozisikia mpaka leo. Nikasema, wametoka watatu, wamezaliwa wawili, zizi likoje? Mikono ikapanda, mikono ambayo sikuwahi kuiona. Zizi toa moja! Nikachora mazizi mawili yanayolingana, nikaweka ndama upande huu na upande ule, nikawaambia tupunguze pande zote mbili bila kugusa miiba. Mvulana aliyelaza paji la uso siku ile alikuwa amesimama juu ya benchi. Nikanogewa, nikaenda mbio, nikafuta ndama wawili upande wa kushoto, nikaendelea.

"Mwalimu," ikatoka sauti ya chini nyuma. "Huyu umemwondolea wawili, na huyu umemwachia zote. Umemdhulumu mtu."

Nikatazama ubao. Kweli, nilikuwa nimesahau upande wa kulia. Darasa likaangua kicheko mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani, na mimi nikacheka nao, uso ukiniwaka. Nikafuta wawili kulia. Baba akatikisa kichwa kukubali.

Kipindi cha pili nikaleta vibuyu, na mbegu za pamba kutoka shamba la shule. Nikawaambia zizi halifunguliwi, ila kibuyu kinafunguliwa. Nikafanya kama mama yangu. Nikaficha mbegu, nikagonga kibuyu kwa kidole. Nikiongeza tano zinakuwa kumi na mbili, zimo ngapi? Wakapiga kelele, saba! Nikazimwaga mezani, tukahesabu pamoja, saba. Kando ya kibuyu nikaandika x, na hakuna aliyeiogopa. Nilipoinua macho, dawati la nyuma lilikuwa tupu, baba ameshaondoka bila kuaga.

Kesho yake binti alikuwa mahali pake karibu na mlango. Aliniambia baba amemruhusu kwa sharti moja, asihesabu ng'ombe tena maisha yake yote, hata akitumwa na nani. Nikamwambia, hata akitumwa na mimi. Akatabasamu kidogo.

Ile miezi mitatu imepita kichwani mwangu kama alasiri moja ndefu. Vibuyu vilivunjika, tukatafuta vingine. Watoto walitungiana maswali njiani, kwenye palizi, kisimani. Halafu mtihani ukafika. Walimu wa shule hatukuruhusiwa kusogea, nikakaa chini ya ukuta wa stoo niking'oa majani moja moja mpaka nikabakiza udongo mtupu.

Karatasi niliiona walipomaliza. Swali mojawapo lilisema: Mfugaji ana ng'ombe kadhaa. Akipata wanane zaidi atakuwa nao thelathini na watano. Ana ng'ombe wangapi? Nilimjua binti yule. Alikuwa ameahidi, na ahadi yake angeiweka hata kama ingemgharimu nafasi. Na nafasi kwa msichana wakati ule ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nikamngoja, akatoka wa mwisho, taratibu, anafunga kofia ya kalamu.

"Lile swali la ng'ombe," nikasema, "umeliacha?"

"Hapana, mwalimu. Nilihesabu vibuyu." Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Jibu nimeandika. Ng'ombe zenyewe sijazigusa."

Majina yalipotoka, lake lilikuwemo. Aliondoka kijijini juu ya lori la pamba, amekaa na sanduku la bati, kupitia Bunda hadi Musoma, kwenye mji wangu na ziwa langu. Kijiji kilijaa barabarani. Mama yake alilia, mimi nililia zaidi. Baba alimpandishia sanduku, akalifunga kamba, akaikaza mara mbili, akaondoka kuelekea shambani kabla lori halijawashwa. Nikamwona mtu mgumu, na nilimkasirikia siku nzima.

Siku ya tatu yake alipita shuleni asubuhi, nikiwa nje nasubiri kengele. Alisimama mbali kidogo, akanisalimia, akaangalia miti.

"Mwalimu, jana ng'ombe zimeingia zote," akasema. "Hakuna iliyobaki nje. Lakini nimesimama pale mpaka giza, mlango siwezi kufunga. Unaniambia bado mmoja."

Kisha akaenda zake kwenye pamba.

Kengele ikapigwa. Nikaingia darasa la saba jipya, watoto wasionijua bado, nikachora zizi ubaoni, na kando yake nikaandika toa moja. Wakasubiri niendelee. Nilisimama na chaki mkononi, nimewapa mgongo, nikawaambia wafungue madaftari, nikatoka nje.