Neno la Okeyo Halikupata Nafasi

Jumamosi, tarehe 21 Agosti, 1999. Manyunyu yameanza kabla ya mapambazuko na baridi haijaondoka mtaani Kawangware, Nairobi. Saa moja unusu asubuhi, Naftaly Lusweti anakaza kamba kwenye mkokoteni nje ya chumba chake cha kupanga, sehemu ya mtaa huo iitwayo Kabiro. Juu ya mkokoteni kuna kompyuta iliyofunikwa blanketi, kisha karatasi ya nailoni, kisha blanketi lingine.

"Mzee, hii tunabeba ni maiti ama ni mashine?" anauliza mwenye mkokoteni.

"Mashine. Maiti haiogopi maji."

Wanacheka kidogo, wanaanza safari. Wanaelekea Kibera, kwenye kanisa la mabati lililo nyuma ya shule ya Olympic. Kuna matope njia nzima. Lusweti anatembea ubavuni, mkono mmoja juu ya blanketi.

Lusweti ana umri wa miaka 38. Siku za juma hutengeneza redio kibandani na hupata kama shilingi 150 kwa siku. Jumamosi na Jumapili hurekodi mikutano ya watu kwa shilingi 600. Leo hatalipwa, na yeye ndiye aliyekataa kulipwa.

Kazi yake kubwa ni matanga. Familia nyingi za hapa zimetoka Magharibi au pande za ziwa. Mtu akifa Nairobi, mwili husafirishwa nyumbani, lakini kwanza wanaobaki mjini hukutana, huimba, huomba, na kila mmoja husema lake. Kaseti ya maneno hayo husafiri pamoja na jeneza ili walio nyumbani wasikie.

Shida ya kaseti ni kwamba upande mmoja hubeba dakika arobaini na tano tu. "Ukigeuza, mtu ameshasema neno na limepita," anasema Lusweti. "Na mikutano yetu haijui saa. Saa tatu, saa nne zinapita, watu bado wanasimama kuongea."

Kwa hiyo mwezi Aprili, ofisi moja mjini ilipokuwa ikiuza kompyuta zake za zamani kwa kuhofia kwamba zitakwama mwaka 2000 ukiingia, alinunua moja kwa akiba ya miaka miwili. Ndani ya diski ilibaki nafasi ya megabaiti 700. Kwake zilionekana nyingi kama mchanga wa ziwani.

Tarehe 12 Juni aliipeleka Kibera kwa mara ya kwanza, kwenye matanga ya fundi mwashi aliyeitwa Ogutu. Redio kaseti aliiacha nyumbani, kwa kuwa aliiamini mashine mpya.

Kwaya ya kanisa ilifungua mkutano. Kiongozi wake, Mama Kageha, alikuwa amemsihi aichukue sauti yao vizuri, kwa sababu wanatamani kutoa kaseti yao siku moja. Lusweti akachagua sauti ya hali ya juu kabisa, ya stirio. Sauti ya namna hiyo hula megabaiti kumi kila dakika.

"Hesabu ni rahisi," anasema sasa. "Mia saba gawanya kwa kumi. Dakika sabini. Hata mtoto wa darasa la nne angeniambia."

Hakuifanya hesabu hiyo. Mbaya zaidi, akina mama walilalamika kwamba mistari ya kijani inayorukaruka kwenye kioo inawafanya watoto watazame mashine badala ya kuomboleza. Wakakifunika kioo kwa leso. Naye akaketi kando yake kwa heshima, akiimba na wengine.

Katika mikutano hii mkubwa wa familia husema mwisho, na neno lake ndilo zito. Saa ya tatu ya mkutano akasimama Okeyo, kaka mkubwa wa marehemu, akasema juu ya shamba la nyumbani na mjane, Caren. Wakati huo diski ilikuwa imejaa kwa zaidi ya saa moja na nusu. Lusweti alipoondoa leso, alikuta ujumbe mfupi kwenye kioo. Alikuwa na kwaya yote na maombi ya kufungua. Neno la Okeyo halikuwemo.

"Nilikaa pale pale," anasema. "Nikamwambia Mungu, hili sijui nitalieleza vipi."

Miezi miwili imepita. Waliokuwepo hawakubaliani. Wengine wanasema Okeyo alimpa Caren nyumba na shamba lote mpaka mtoni. Wengine wanasema aliitaja nyumba pekee. Wiki mbili zilizopita, Caren alipata habari kwamba jamaa mmoja nyumbani ameanza kulima upande wa mtoni.

Caren huuza mboga na anawalea watoto watatu. "Mimi sitafuti kesi," anasema. "Nataka tu kile alichosema kisikike. Kaseti ingekuwepo, ningeipeleka nyumbani na kunyamaza."

Okeyo mwenyewe hamkimbii. "Nilisema vizuri, hilo najua, shemeji," anamwambia Caren mlangoni pa kanisa. "Lakini siku ile kichwa hakikuwa changu. Siwezi kuapia kila neno." Mwisho wa mwezi anahama Nairobi na kurudi nyumbani kabisa. Ndiyo maana amekubali kusema tena leo, mbele ya watu wale wale.

Saa nne kasorobo kompyuta inawaka. Redio kaseti yenye betri imewekwa kando yake, umeme ukipotea. Lakini kuna jambo moja bado. Nyimbo za Juni zingali zimeijaza diski. Lusweti amezinakili kwenye kaseti, ila Mama Kageha hajaridhika.

"Kwenye kaseti tunasikika kama tunaimba ndani ya mtungi," anasema.

"Mama, bila kufuta hakuna nafasi."

"Juni ulitubeba sisi ukamwacha mwenye neno. Leo unatufuta sisi. Wewe Lusweti unatukata kama mboga ya sukuma wiki."

Watu wanacheka. Mama Kageha anamtazama Caren, aliyeketi mbele na binti yake Mitchelle, kisha anatazama paa la mabati.

"Futa," anasema. "Tutaimba tena. Sauti bado tunazo."

Lusweti anafuta. Anachagua mono, sauti ya chini inayotosha kwa maneno ya mtu, megabaiti mbili na nusu kwa dakika. Sasa ana zaidi ya saa nne. Wala haweki mkutano wote katika faili moja. Faili refu likiharibika, kila kitu kimekwenda, na kulihifadhi huichosha mashine. Kila msemaji ana faili lake. Desturi ya hapa ni kuimba pambio, wimbo mfupi, kati ya msemaji na msemaji, na pambio hilo ndilo nafasi yake ya kuhifadhi faili moja na kufungua lingine. Mama Kageha amekubali kuimba beti mbili badala ya moja.

"Sikufundishwa popote," anasema Lusweti. "Niliomba, nikakosea, nikaandika kwenye daftari." Januari anataka kuanza masomo ya kompyuta ya jioni huko Kawangware, na akijaliwa, kununua diski kubwa ili kwaya irekodiwe kama inavyostahili. Leo leso haipo juu ya kioo. Watoto wamegeuziwa viti.

Wanasema wanne. Pambio linaimbwa mara nne. Kisha Okeyo anasimama, kofia mkononi, lakini haanzi.

"Fundi, umefungua faili langu?"

Lusweti anatazama mistari ya kijani ikitulia, halafu anainua mkono.

"Limefunguka, mzee. Sema."

Okeyo anageuka kuwatazama watu, karibu sitini, kisha anamtazama Caren.

"Mimi Okeyo, kaka yake Ogutu, nasema nikiwa na akili zangu. Nyumba ya Ogutu na shamba, kutoka kwenye ua mpaka mtoni, ni vya Caren na watoto wake. Anayelima kule nitamwondoa mimi mwenyewe nikifika. Sitauza, sitakodisha, na hakuna mtoto wangu atakayewagusa. Mungu amesikia, na nyinyi mmesikia."