Mteja wa Kozue

Kwa miaka thelathini na moja Orihara Tsuneo alibana mafaili kwenye masjala ya mji wetu huku Shimane, Japani, na hakuna karatasi iliyowahi kumpotea. Namjua, maana mimi ndiye mshika funguo za ukumbi wa mji. Mkewe alipofariki, alibaki na binti wa miaka kumi na sita, Kozue, asiyemwambia zaidi ya “nimerudi” na “nimeshiba”.

Ndiyo maana Kozue alipomwomba ambanie nakala thelathini za katuni yake kwa maonyesho ya wachoraji vijana pale ukumbini, baba alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Sharti lilikuwa moja tu: asisome. Hakusoma. Alizibana kwa pini Jumamosi nzima, safi kabisa, upande wa kushoto, kama mafaili.

Katuni zetu hubanwa upande wa kulia, na hufunguliwa na kusomwa kuanzia huko kulia, si kushoto. Kila aliyeifungua ya Kozue alikutana kwanza na mwisho wa hadithi.

Meza ya jirani ilikuwa ya Ririka, msichana mwenye kundi lake la wachoraji na foleni ya wasomaji. Kozue alikuja kwa jambo moja, Ririka amwingize kundini. Akampelekea nakala kwa mikono miwili, salamu ya ujirani kama ilivyo desturi. Ririka akafungua, akawaita wenzake.

“Jamani, njooni muone. Huyu mama anazikwa, kisha anaugua, halafu ndiyo anaolewa. We Kozue, nani kakubania hivi?”

Kozue akasema ni watu wa duka la fotokopi. Uongo huo niliuvumilia, nikaendelea kupanga viti.

Saa sita mchana akaja Orihara, kavaa suti yake ya pekee, ile ya mazishi, mkononi matonge mawili ya wali kwenye kitambaa. Akasimama mbele ya meza, anatabasamu. Ririka akauliza kama huyo mzee ni baba yake.

“Hapana,” Kozue akasema. “Ni mteja tu.”

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimebeba viti. Nilitamani kumzaba kofi, sifichi. Mzee alisikia. Akarudisha matonge nyuma ya mgongo, akainama kama mgeni.

“Samahani, binti. Naomba nakala moja.”

Akatoa sarafu tatu za yeni mia. Kozue akazipokea bila kumtazama, akamkabidhi kitabu. Mzee akakifungua kutoka kulia kama watu wote, akakutana na kaburi la mkewe. Kisha akazitazama pini zake mwenyewe.

“Aliyekibana hakutumia akili,” akasema taratibu.

“Kweli kabisa,” Kozue akajibu, na wasichana wakacheka. Ririka akamwambia avute kiti, wale pamoja.

Nilipotoka kumwaga taka nilimkuta Orihara kwenye ngazi. Alikuwa amekula tonge moja, la pili bado limefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amegeuza kitabu, anakisoma tangu harusi.