Birika Kumi na Nne

Nianze na upumbavu wangu, maana hata nikiuficha, mtaa wetu mzima wa Jang'ombe unaujua: nilichoma makaa yote ya mama kwa kuchemsha maji ambayo hakuna mtu aliyeyataka.

Kosa lilikuwa langu, lakini fikra ilikuwa ya mwalimu wetu wa sayansi. Alitaka tupime mji unakula moto kiasi gani kwa siku. Darasa likagawanywa: wengine kiwanda cha barafu, wengine tanuri la mikate, wengine gari za abiria za shamba, na sisi wengine majikoni kwa mama zetu. Kwa kiherehere changu, mimi nililifuata pia kundi la tanuri.

Tulirudi skuli na majibu yasiyopatana. Fundi wa barafu alisoma mita ya umeme, akataja yuniti. Dereva alihesabu galoni. Mwoka mikate alitutajia mizigo ya kuni, na mama zetu wakatutajia madebe ya makaa.

Nikanyanyua mkono. "Mwalimu, leo tunajumlisha mbuzi na siku za wiki?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Akageuka, akachora birika ubaoni.

"Kila moto tuuulize swali moja tu," akasema. "Ungechemsha birika ngapi?"

Mpaka leo nalistaajabia birika lile. Mara gari ya abiria ya Makunduchi na jiko la mama vikawa vinasema lugha moja. Hata barafu, jamani, ilihesabiwa kwa maji ya moto!

Kazi yangu ilikuwa nyepesi: nipime ratili moja ya makaa, nichemshe, kisha nizidishe. Lakini mimi kuzidisha nilikuona ni kukisia kwa wavivu. Jumamosi asubuhi mama alipotoka kwenda nyumba ya harusi kusaidia kukuna nazi, nikawaita wenzangu uani waje kuona sayansi. Tukachemsha la kwanza, tukamwaga. La pili, tukamwaga. Paka wa jirani akahama ua. Birika la kumi na nne lilipochemka, debe la makaa la mama lilikuwa limebaki vumbi.

Mama akarudi. Kwenye pembe ya jiko lilikuwepo bakuli kubwa nililolipita asubuhi nzima bila ya kujiuliza: unga wa mchele na tui, umefunikwa kitambaa, umeumuka mpaka ukingoni. Ulikuwa wa mikate ya kumimina.

"Makaa yangu yako wapi?"

"Yamo kwenye daftari, mama."

Hakucheka. Alifunua kitambaa, akaunusa unga. "Mikate saba ya harusi, mwanangu. Nshaahidi. Na huu ukichachuka haurudi."

Makaa mitaani hayakuwepo. Mvua ilikuwa imeizuia huko shamba gari inayoyaleta. Mkate wa kumimina hautaki kuni, unataka makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nikachukua karai na gunia, nikatoka mbio mpaka Darajani kwa yule mwoka mikate.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Juzi umekuja na kalamu, leo na karai?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauweka mkono mdomoni mwa tanuri, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anasoma sura ya Kulhuwallahu.

"Nikiisoma mara tatu na mkono bado umo, moto umeshuka," akasema. "Nikiisoma mara moja tu nikautoa, moto bado mkali, mikate itaungua. Hii ya mara tatu, makaa yake chukua."

"Mbona juzi hukutwambia?"

"Mliniuliza mizigo mingapi. Hamkuniuliza najuaje."

Kumbe tulikwenda kupima, tukakipita kipimo. Akanivutia makaa mekundu kwa jembe la tanuri, akayafunika majivu ili yasijimalize njiani. Nikarudi mbio, karai nimelishika kwa gunia, watu wakinipisha kama nimebeba nyoka.

Mama aliyatupia jicho mara moja. "Saba," akasema. "Wa nane hautoki."

Wa nane ndio wangu. Kila akipika kwa watu, huzidisha mmoja wa nyumbani, na wa nyumbani maana yake tumbo langu. Nikafungua daftari haraka, nikapiga hesabu kwa mabirika.

"Nane, mama. Inatoka nane kamili!"

"Haya."

Nikakaa kumtazama. Makaa matatu chini, rundo juu ya kifuniko. Akilisogeza hili, akilipepea lile, bila ya saa wala mizani. Alikuwa akijua kwa harufu tu. Wa kwanza ukatoka una uso wa dhahabu. Wa pili hivyo hivyo, mpaka wa saba. Wa nane pembeni ulishika rangi, katikati ukawa unatikisika kama uji. Daftari langu halikujua kwamba makaa huzeeka.

Mama akaipanga saba kwenye sinia, akaifunika kawa, akanipa niipeleke harusini. Kisha akausogeza ule wa nane mbele yangu.

"Huu ulikuwa wako," akasema. "Mpelekee mwalimu wako, umwambie huu umepikwa kwa hesabu."