Mikono Iliyolaza Wateja

Saluni ya Firdaus, nyuma ya soko la Thika, ilikuwa na shida ambayo saluni nyingine hazikuijua: wateja walilala. Hawakulala kwenye benchi la kungojea, la! Walilala kichwa kikiwa ndani ya sinki, povu likiwa masikioni.

Aliyewalaza ni Wilkister, mwosha nywele, aliyetoka Bungoma kumfuata mumewe Philip alipopata kazi kwenye kiwanda cha nguo.

"Wilki, wewe osha tu!" Firdaus alifoka. "Laini imefika nje na huyu anakoroma. Nitamsuka akiwa ndotoni?"

"Namwosha tu, Mama. Sijamwimbia."

Wala hakuwa akidanganya. Vidole vyake vilitafuta vyenyewe mahali palipokaza, nyuma ya masikio au chini ya kisogo, vikifika hapo vikatulia. Mteja naye akatulia, mara usingizi ukampitia.

Mwaka 1994 aliingia mama wa makamo aitwaye Wakonyo. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo, amefanya kazi hospitalini miaka mingi, kisha akaenda Uingereza akarudi na ujuzi wenye jina refu kuliko laini ya Firdaus: tiba ya kraniosakro. Kazi yenyewe ni kumwekea mtu mikono kichwani na mgongoni, polepole, bila kumsukuma wala kumvuta, mpaka mwili ulegee. Wakonyo naye alilala ndani ya sinki kama wenzake. Alipozinduka, maji yakimtiririka shingoni, alimshika Wilkister mkono.

"Nani alikufunza?"

"Kufunza nini, madam?"

"Kushika kichwa cha mtu."

Wilkister akajua kazi imeisha. "Nisamehe, sitarudia."

"Haiya! Usirudie tena? Jumapili ukitoka kanisa kuja kwangu Ruiru, pale Gatongora. Nataka urudie."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Siku ya kwanza Wakonyo alijilaza kitandani, akamwambia aweke mikono chini ya kisogo chake. Wilkister akaanza kukanda kwa bidii.

"Wacha kukanda, mimi si unga wa chapati."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ngoja. Ni kama umeshika kifaranga: ukikaza anakufa, ukiachilia anatoroka."

Mwanamke aliyelelewa na jembe, akaja kuosha vichwa kutwa nzima, hakujua kutofanya kitu ni kazi ngumu namna ile. Mabega yalimuuma kwa kukaa tu. Nyumbani, mtoto wao Mitchell akishalala, alijifunza mifupa juu ya Philip, ambaye alikula ugali huku mkewe akimpapasa fuvu.

"Mama Mitchell, hata nikila?"

"Kula tu, baba. Natafuta mfupa mmoja hapa kwa sikio, umejificha."

Kwenye ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga walikoishi, maneno yakaenea kwamba mama Mitchell akikushika kichwa anasoma mawazo yako. Wenye siri zao wakaanza kumsalimia kwa mbali. Wilkister alicheka, akaendelea kwenda Ruiru kila Jumapili. Huko Wakonyo hakuchoka kumkumbusha jambo moja: "Sisi hatuponyi ugonjwa, tunampumzisha mtu. Akija na kitu hukielewi, mpeleke hospitali, hata akikukasirikia."

Kukasirikiwa kulikuja upesi. Jumamosi moja, saluni imejaa, Firdaus alijitupa kwenye kiti akijibana kichwa kwa mikono miwili.

"Leo ndio nataka hiyo kitu yako, Wilki. Kichwa kinapasuka. Naona nyota-nyota."

Wilkister alimwekea mikono. Kisha akauliza masikio yanavuma? Yanavuma. Macho yanaona vizuri? La, ukungu mtupu. Akaitoa mikono.

"Hii siwezi, Mama. Twende hospitali."

"Nimekuandika mimi, nakuomba unishike tu kichwa, na unanikataa?"

"Nakukataa."

"Basi Jumatatu usikanyage hapa!"

"Sawa, sitakanyaga. Lakini leo twende." Alimwinua kwa kwapa, akamtoa nje huku wateja wakiwakodolea macho, rola vichwani.

Hospitalini muuguzi alimpima presha, akatazama kipimo, akampima tena. Firdaus alilazwa papo hapo. Alipotoka, presha imeshuka na dawa mkononi, alikuta Wilkister hajakanyaga saluni kama alivyoamriwa. Akamfuata mwenyewe mpaka kwenye ploti, amebeba mandazi ya moto, akamrudisha kazini. Na tangu siku hiyo aliwaambia wateja wote, "Huyu alinikataa mimi, bosi wake! Ndio maana nawaambia mwende kwake bila wasiwasi."

Wakonyo aliporidhika naye, na mwalimu wake kutoka Uingereza akaja akamjaribu, akaridhika vilevile, Wilkister alikodi chumba Ruiru. Ilikuwa 1997. Firdaus alimpa mashuka na taulo. Philip alijitolea kuandika kibao, lakini lile jina refu lilikataa kuenea kwenye ubao. Basi akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KICHWA NA MGONGO.

Asubuhi ya kwanza aliingia dereva wa lori la mawe, Gerishon, akaketi na kukunja mikono ya shati.

"Mama, leta supu ya kichwa. Pilipili usiwe mchoyo."

"Hapa hakuna supu."

"Imeisha mapema hivi? Basi chemsha hiyo ya mgongo."

Wilkister alicheka mpaka akaketi kitandani. Alipofuta machozi, aliona kwamba Gerishon akitaka kutazama kando anageuza mwili mzima kama mlango. Akamuuliza kama ameanguka, kama mikono inakufa ganzi. Hapana, ni usukani tu na barabara mbaya ya machimboni.

"Basi vua viatu ulale hapa."

"Nilale? Nimekuja kukula!"

Hata hivyo alilala, akakoroma mpaka watoto wakachungulia dirishani. Alipoamka aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, polepole, kama mtu asiyeamini.

"Ngai! Sasa hata polisi wakijificha kando nitawaona." Akavaa viatu. "Lakini mama, supu bado naitaka."

Wilkister akafunga mlango, wakaenda hoteli ya jirani, akaagiza mabakuli mawili ya supu.