Mzee Bandula na Msiba Niliokimbia

Nakumbuka siku niliyoshuka Mpanda, mwanangu, baada ya safari ndefu ya treni kutoka Tabora, vumbi limenikaa hadi kwenye kope. Nilikuwa nimekwisha kuishi Kahama, Urambo na Kaliua, na kote niliondoka kabla watu hawajalizoea jina langu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Mtembezi hula miguu yake, wahenga walisema. Mimi nilidhani wananisifu.

Nikapata kazi kwa wachimba visima waliopiga kambi Mwamkulu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bandula, mtu wa Sri Lanka, mfuasi wa Buddha, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, alikaa chini, miguu ameikunja, kimya. Wanakijiji waliamini anasikiliza maji ardhini. Wakawa wanakatazana kutwanga mpaka ainuke, na pale alipokaa waliweka jiwe la alama.

"Bwana mkubwa, leo maji yamesemaje?" mama mmoja wa Kisukuma alimtania.

"Maji amenyamaza, mama. Kelele ni mimi."

Walicheka. Baadaye nilimuuliza hasa anafanya nini. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba anatazama mawazo. Moja linaingia, linakaa kidogo, linatoka. Furaha hivyo hivyo, na hasira pia. "Kama nyumba na wageni," alisema. "Mimi natafuta mwenye nyumba. Miaka mingi. Sijaona bado." Halafu akaongeza kwamba kila kilichoungana kitaachana, anayekikumbatia kama cha milele anajitafutia maumivu.

Neno hilo nililipenda, mwanangu. Lilimfaa mtu wa kuhamahama kama mimi. Sikio huchagua linachotaka.

Nilimwoa Evodia, binti wa wakulima wa Mwese ambao wazee wao walitoka Burundi. Tukapanga chumba mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, tukapata mtoto, Tausi. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilitulia. Tausi alipofika miaka miwili akashikwa na homa. Siku ya tatu tukamzika.

Unajua desturi zetu. Matanga hayana kazi nyingine ila kukaa. Wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto, na mwenye msiba habanduki. Siku ya pili nilishindwa. Kila nilipogeuka niliona ndala zake ndogo mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuziondoa. Evodia aliniona nachukua begi.

"Unakwenda wapi? Kaa na mimi mpaka matanga yaishe. Sikuombi kingine."

Nikamjibu, na jibu hilo nimelibeba mpaka leo: "Kila kitu kinapita, Evodia. Kulia ni kujiumiza bure."

Kaka yake alinifuata hadi barabarani. "Shemeji, hicho kisima chenu kinakimbia? Si ungekikuta kesho?" Sikugeuka.

Kambini Mzee Bandula aliponiona alizima mashine. Nikamweleza, nikitegemea anisifu kwamba nimeelewa mafunzo.

"Mimi nilisema inapita," akasema. "Sikusema haiumi. Buddha hakusema kimbia. Alisema tazama. Wewe umetazama nini? Umempa mke wako mgongo tu." Akanionyesha njia. "Yeye pia anapita. Kwa hiyo rudi leo."

Leo, alisema. Mimi nilirudi siku ya nne. Siku mbili nzima nilijiambia naweka akili sawa, kumbe ni woga tu. Nikakuta moto wa msiba umezimwa, mikeka imerudishwa kwa majirani, chumba kina kufuli. Wazazi wake walikuwa wamemchukua kwenda Mwese.

Nikamfuata. Pikipiki ilikwama kwenye matope, nikamalizia vilima kwa miguu. Nilimkuta anapukuchua maharage. Nikakaa pembeni yake, nikaanza kupukuchua nami, na hapo ndipo kilio kilipokuja, cha kwanza tangu mazishi. Hakunikataza. Alisogeza ungo kati yetu. Maharage yalipoisha nikamwomba turudi.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini siku ile nililia peke yangu, na nikagundua naweza. Sasa sijui nikuhitajie nini." Akainuka kupepeta. "Nenda salama, Baba Tausi."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo tena. Wiki ile nikaaga kambini, nikaondoka Mpanda, na sijarudi.

Mwanangu, sina mvi nyingi, lakini nasaha yangu ni hii. Ni kweli kwamba kila kitu kinapita, na huzuni nayo ni mgeni. Lakini mgeni hukaribishwa; ukimfungia mlango atakusubiri kila mji utakaohamia. Ninajua, nimeijaribu miji mingi. Na kwa kuwa uliyenaye anapita, mpe kiti chako leo, kaa naye msibani, nyamaza kama huna la kusema. Usichukue neno la hekima ukaligeuza kuwa pikipiki ya kukimbilia.

Mungu akupe moyo wa kukaa. Na siku ya kilio chako, akujalie mtu wa kukaa kando yako mpaka matanga yaishe.