Karatasi Moja ya Mpaka

Ofisini walimwita Bwana Faili, naye hakuona tusi. Miaka ishirini na sita alitunza majalada ya viwanja, na kwa ubahili wa karatasi hakuwa na mpinzani. Mpaka kati ya nyumba mbili aliuandika mara moja tu, kwenye jalada la nyumba ya kulia. Ukiutafuta kwenye la kushoto, hupati kitu. Nenda kwa jirani. Wakubwa walimsifu, kichwa kikamvimba.

Ukaja uchaguzi. Mji ukapata halmashauri yake ya kwanza ya kuchaguliwa: madiwani kumi na mmoja wenye ari, jengo jipya, kabati hakuna hata moja. Majalada yakashushwa kwenye lori na kurundikwa barazani, eti kwa wiki moja. Mvua haikuisubiri hiyo wiki.

Bwana Faili alipiga magoti matopeni akipekua. Alipoliona jalada la dada yake, mjane anayeishi kwa cherehani, likiwa kavu kabisa, alitokwa na machozi ya furaha. Ndipo alipokumbuka. Nyumba ya dada ilikuwa ya kushoto. Jalada la jirani wa kulia lilikuwa uji mtupu.

Jirani hakulaza damu. Alidai kuwa chumba ambamo dada alishonea kilijengwa kwenye kiwanja chake.

Kikao cha kwanza cha madiwani kiliketi kwenye mabenchi ya kuazima. Bwana Faili alisimama, akataja mpaka kwa kichwa: hatua kumi na nne kutoka kisimani.

"Mzee wangu, tunakuheshimu," mwenyekiti alisema, "lakini ya kichwani hatuwezi kuyapigia muhuri. Na huyu ni dada yako. Wananchi watatuelewaje?"

Kilichouma ni kwamba angekuwa yeye mwenyekiti, angesema hivyo hivyo.

Chumba kilivunjwa Jumanne asubuhi. Kaka mtu alikibeba kichwa cha cherehani, dada akafuata na kikapu cha nyuzi. Kaka alingoja dada amtukane, angalau yeye apumue. Dada hakumtukana. Walipofika uani aliketi juu ya ndoo, akamtazama kwa upole uliomtia aibu kuliko matusi.

"Kaka, siku ile ulipouandika mpaka, karatasi zilikuwa zimekwisha?"

Angeweza kusema ndiyo, na dada angeamini.

"Hapana, dada," alisema. "Zilikuwepo."