Dada yangu na zile alama zake !!!!!!

Munitukane leo, nastahili.

Dada yangu wa kijiji cha Ntoto alikuwa anaandika kila kitu kwa kelele: NIMEPIKA SOMBE!!!!!!

Mimi, mwalimu mwenye akili nyingi, nikamugombeza mu grupu ya familia, mbele ya bote: "Dada, unatupasua masikio! Mwisho weka point moja tu, nukta."

Akanitii.

Leo asubuhi akaandika: "Banapiga masasi ya bunduki huku."

Point moja. Safi kabisa.

Nikasema, kama ingekuwa mubaya, angepiga kelele. Nikamutumia dole gumba, nikamaliza chai yangu.

Saa sita akapiga simu, analia. Sasi moja ilipita mu mulango, ikavunja bwana yake mukono.

Halafu akaniuliza, polepole:
"Kaka, niliandika muzuri?"